Maswali 1,200, Mshenga Mmoja

Msomaji wetu mmoja anayesoma uzamili Dar es Salaam ametuletea swali kutoka Kigoma, alikokwenda kukusanya data ya utafiti. Akiwa chuoni, folda yake iliyo kwenye seva ya idara hufunguka papo hapo. Akiwa Kigoma, akiwasha VPN na kubofya folda ileile, mstari wa kijani hutambaa juu ya dirisha hadi anakata tamaa. Bando si tatizo, maana kwa simu hiyohiyo anayounganishia kompyuta anatazama video bila kukwama. Mafundi wa TEHAMA wa chuo wakamwambia aachane na njia hiyo, aingie kwa kivinjari kwenye ukurasa wa chuo unaoonyesha faili zilezile. Akaingia, na folda ikafunguka mara moja. Faili ni zilezile, seva ni ileile, simu ni ileile. Imekuwaje?

Swali zuri sana. Kuhusu VPN ni nini na nywila iwe ndefu kiasi gani kumeshaandikwa mengi, nayaruka. Nataka tukae na jambo moja tu, ambalo kila nikilifikiria linanishangaza upya: idadi ya safari ambazo kompyuta hufunga ili kukuonyesha orodha ya faili.

Ukibofya folda iliyo kwenye seva ya mbali, kompyuta haisemi tu "nipe folda." Huanza mazungumzo. Kwanza huuliza: tutumie toleo gani la itifaki? Seva hujibu. Mimi ni fulani. Thibitisha. Uthibitisho huu hapa. Sawa. Naomba kuingia kwenye hifadhi ya idara. Ingia. Naomba kufungua folda ya Tasnifu. Imefunguka. Ndani kuna nini? Kuna faili hizi. Ungedhani yameisha, kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Kompyuta inataka kukuchorea kila faili na picha yake ndogo, aina yake, ukubwa wake na tarehe yake, kwa hiyo inazifuata moja baada ya nyingine: fungua hii, nieleze habari zake, ifunge, fungua ile, nieleze habari zake, ifunge. Na katika itifaki za zamani, swali la pili haliondoki mpaka jibu la swali la kwanza lifike.

Tufanye hesabu. Chukua folda yenye faili 400, na kila faili iulizwe maswali matatu. Hayo ni maswali 1,200. Ndani ya chuo, ambako kompyuta na seva zimeunganishwa kwa waya wa mita chache, swali huenda na jibu kurudi kwa nusu milisekunde. Maswali yote 1,200 yanamalizika kwa sekunde 0.6, kabla hujatoa kidole kwenye kipanya. Sasa nenda Kigoma, utumie mtandao wa simu, na tuseme kila swali linachukua milisekunde 60 kwenda na kurudi. Zidisha: sekunde 72. Dakika moja na zaidi ya kuangalia mstari wa kijani, na hujafungua faili hata moja.

Angalia vizuri kisichoonekana katika hesabu hiyo. Ukubwa wa bando haumo. Megabiti hazimo. Kila swali ni dogo, pengine baiti mia moja au mia mbili, na mtandao wa kawaida kabisa unalibeba bila shida. Ukinunua intaneti yenye uwezo mara kumi zaidi, sekunde 72 zitabaki kuwa 72, kwa sababu muda unaliwa na kusubiri, wala si kubeba.

Hapa lugha yetu ya kila siku inatuponza kidogo. Tukisema spidi ya intaneti tunachanganya mambo mawili: wingi wa data unaopita kwa sekunde moja, na muda wa ujumbe mmoja mdogo kwenda na jibu lake kurudi. Kampuni za simu hutangaza lile la kwanza tu. Hili la pili nimeona likiitwa ucheleweshaji, neno lisilonipendeza kwa sababu lina lawama ndani yake, kana kwamba kuna mtu amechelewesha. Mimi nitaliita nenda-rudi, na nakuomba ulizoee, maana makala yote imesimama juu yake. Video ya msomaji wetu inahitaji wingi. Ikishaanza kutiririka, nenda-rudi haiisumbui. Folda yake inahitaji nenda-rudi fupi, na wingi hauisaidii kitu.

Kwa nini basi wahandisi walitunga itifaki yenye maswali mengi hivyo? Kwa sababu hawakuitunga kwa ajili ya Kigoma. Itifaki ambayo Windows huitumia kwa faili za mtandaoni, SMB, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika kampuni ya IBM, kwa mkono wa mhandisi Barry Feigenbaum, ambaye mwanzoni aliiita BAF, herufi za kwanza za majina yake. Mawazo yao yalikuwa kwenye ofisi moja, jengo moja, kompyuta chache na waya mfupi. Katika jengo moja kuuliza ni bure. Nani ajisumbue kupunguza maswali yasiyogharimu kitu?

Jengo lilipopanuka, gharama ikajitokeza. Mfano ninaoupenda kuliko yote ulitokea Marekani, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambako katika miaka hiyohiyo ya 1980 chuo kilishirikiana na IBM kujenga mfumo wa kumwezesha kila mwanafunzi kukuta faili zake kwenye kompyuta yoyote atakayokaa. Waliuita Andrew, kwa heshima ya wafadhili wawili wa chuo, Andrew Carnegie na Andrew Mellon. Walipopima mfumo wao wa majaribio, matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 1988 yalionyesha kwamba karibu ujumbe tisa kati ya kila kumi uliofika kwenye seva haukuwa wa kuleta wala kupeleka faili. Ulikuwa wa kuuliza tu: nakala niliyonayo bado ni sahihi? Na faili hii hali yake ikoje? Seva zilikuwa zikichoshwa na maswali ambayo majibu yake mara nyingi ni yaleyale ya jana.

Walichofanya ni kuligeuza jukumu. Badala ya kompyuta kuuliza kila mara kama faili imebadilika, seva ikaahidi: nimekupa nakala hii, na ikibadilika mimi ndiye nitakayekuita. Usiposikia kutoka kwangu, tumia uliyonayo. Ahadi moja ikafuta maelfu ya maswali. Dawa hiyo haikuhitaji waya zaidi wala mashine kubwa zaidi. Walibadilisha nani anayeanza kusema. Kwangu mimi huo ni uhandisi wa hali ya juu.

Lakini kabla ya kufika kwenye kivinjari, tuitazame nenda-rudi yenyewe, maana kuna watu wanaodhani ni suala la vifaa tu na kwamba siku moja itatoweka. Haitatoweka. Ndani ya nyuzi za kioo za mkongo, mwanga husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde, theluthi mbili ya mwendo wake katika ombwe. Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250. Mkongo ukifuata reli, kwenda na kurudi ni kilomita 2,500, na mwanga unazimaliza kwa milisekunde 12.5. Hakuna waziri wala kampuni itakayozipunguza. Milisekunde nyingine zote, hadi kufika 60 zetu, ni za minara ya simu, vituo vya kupokezana na foleni za pakiti. Hizo ndizo zinazoweza kupigwa vita.

Na 60 ni neema. Kabla ya mkongo wa Seacom kutua kwenye pwani yetu mwaka 2009, vyuo vingi vya Afrika Mashariki vilitegemea setilaiti zilizo juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali lipande mpaka huko na lishuke, kisha jibu lipande na lishuke: zaidi ya kilomita 143,000, ambazo hata kwa mwendo kamili wa mwanga ni karibu milisekunde 480. Folda yetu ya faili 400 ingetaka zaidi ya dakika tisa na nusu.

Sasa tumlete mshenga.

Fikiria familia ya Tanga inaposa Songea. Mzee wa Tanga anamtuma mshenga na swali moja: je, binti hajachumbiwa? Mshenga anapanda basi, anafika, anajibiwa, anarudi. Hajachumbiwa. Vizuri; nenda ukaulize mahari ni kiasi gani. Basi tena. Amerudi na jibu. Na mkaja wa mama je? Basi tena. Kilemba cha baba? Basi tena. Ubeleko? Mjomba anataka nini? Barua ijibiwe lini? Kila swali ni dogo, la maneno manne, na kila jibu ni dogo vilevile. Basi lenyewe ni kubwa, lina viti 60, na mshenga amekaa kwenye kiti kimoja akiwa na sentensi moja mdomoni. Kuwapa basi la viti 120 hakutaharakisha harusi hata kwa siku moja. Mwaka utapita, na si kwa sababu kuna aliyekataa.

Familia yenye busara hufanya hivi: inatafuta mshenga anayekaa Songea, mtaa mmoja na wakwe. Inamwandikia barua moja: tuulizie yote yanayohusika, kisha utujibu kwa pamoja. Mshenga huyo anavuka uchochoro kwa miguu, anauliza mahari, anarudi kunywa maji, anakwenda kuuliza mkaja, anaitwa na mjomba, anarudishwa na shangazi. Mara 20, mara 50, haidhuru. Uchochoro una hatua 30. Wakwe wanauliza na kuulizwa kama desturi yao inavyotaka, hawajalazimishwa kubadili chochote. Jioni anaandika barua moja yenye kila kitu, na barua hiyo ndiyo inayopanda basi. Mazungumzo ni yaleyale, lakini yamehamia mahali ambapo umbali ni mfupi.

Ukurasa ule wa chuo ndio mshenga huyo. Nyuma yake kuna seva ndogo iliyo ndani ya chuo, pengine chumba kimoja na seva ya faili. Msomaji wetu akibofya folda kwenye kivinjari, ombi moja linatoka Kigoma: naomba orodha ya Tasnifu. Seva mshenga inalipokea na kuanza kuongea na seva ya faili kwa itifaki ileile ya zamani, yenye maswali yaleyale 1,200, kwa nusu milisekunde kila moja. Baada ya sekunde 0.6 ina kila kitu mkononi, inakipanga kuwa ukurasa mmoja na kuupeleka Kigoma. Ongeza nenda-rudi chache za kuanzisha mawasiliano na kuyawekea usiri, na bado hujafika sekunde moja.

Wazo hili si la juzi. Chuo Kikuu cha Michigan kiliwahi kuwapa watu wake ukurasa ulioitwa mfile, uliowafikisha kwa kivinjari kwenye faili zilizohifadhiwa katika mfumo uliozaliwa na Andrew. Na mwaka 1999 kundi la wahandisi lililoongozwa na Jim Whitehead, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine, lilichapisha kanuni za WebDAV, zinazoipa lugha ya wavuti uwezo wa kushughulikia folda. Kati ya maagizo yake kuna moja, PROPFIND, ambalo hubeba kipimo cha kina. Ukiandika kina 0, unauliza habari za folda yenyewe. Ukiandika kina 1, unaambiwa habari za folda pamoja na kila kilichomo ndani yake: ukubwa, tarehe, aina, faili 400 kwa jibu moja. Tarakimu moja tu ndani ya ombi imefanya kazi ya mshenga mzima.

Hata kuisoma faili yenyewe kuna tofauti. SMB ya zamani ilikuwa ikiomba faili kwa vipande vya kilobaiti 60 hivi, na kila kipande kilingoja nenda-rudi yake. Tasnifu yenye picha, ya megabaiti 12, ni vipande 200. Kwa milisekunde 60, hizo ni sekunde 12 za kungoja. Kivinjari huomba faili nzima mara moja, na seva huanza kumimina. Haimimini yote kwa pupa. Leo kwa kawaida huanza na pakiti 10, kama kilobaiti 14, na zikipokelewa salama hupeleka maradufu, kisha maradufu tena. 14, 28, 56, 112. Kufikia zamu ya kumi jumla imepita megabaiti 14, na tasnifu yote imeshafika. Zamu 10 mahali pa 200, mradi mtandao uweze kubeba.

Microsoft nao waliliona hili. SMB ya pili, iliyokuja mwaka 2006 na Windows Vista, ilipunguza maagizo kutoka zaidi ya 100 hadi 19, na ikaruhusu maswali kadhaa kufungwa katika ujumbe mmoja. Hali ni nafuu sana kuliko zamani, ingawa vyuo vina seva za umri mbalimbali.

Kuna jambo moja ambalo wakuu wa vyuo wanapaswa kulisikia. Mshenga anafaa kwa sababu anakaa karibu na wakwe, na akihama, faida yote imekwisha. Ukiweka ukurasa wa kivinjari kwenye seva iliyokodishwa Ulaya huku faili zikibaki Dar es Salaam, umeyapeleka maswali 1,200 baharini. Mwanafunzi aliye hatua mia kutoka kwenye seva ya faili atasubiri zaidi kuliko msomaji wetu alivyosubiri Kigoma kwa VPN. Na tarehe 12 Mei 2024, siku mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, mpangilio kama huo ungemfungia mtu nje ya faili zilizo mjini kwake. Weka mshenga na faili pamoja, popote utakapochagua kuziweka.

Inabaki imani. Wakwe hawamwambii kila mpita njia kiasi cha mahari. Mshenga lazima aonyeshe kwamba ametumwa. Vyuo vingi hutumia hapa mfumo wa Kerberos, uliozaliwa katika chuo cha MIT chini ya mradi wa Athena ulioanza mwaka 1983. Ukithibitisha jina na nywila, unapewa tiketi yenye saa ya kuanza na saa ya kwisha, na seva ya faili huitazama tiketi bila kuiona nywila yako kamwe. Seva mshenga hupewa ruhusa ya kuonyesha tiketi kwa niaba yako, kwa hiyo unaona faili zako tu, kama vile umekaa maabara ya kompyuta. Kwa kawaida Kerberos hukataa tiketi kama saa za mashine mbili zinapishana zaidi ya dakika tano, na hapo pia mshenga husaidia: saa zinazolinganishwa ni za mashine za chuo, si ya kompyuta yako ambayo betri yake ya ndani imekufa.

Usalama nao una sababu yake. SMB hupita mlango namba 445, na virusi vya WannaCry, vilivyosambaa duniani Mei 2017, viliingia kwa mlango huohuo. Chuo makini hakiufungui kwa dunia nzima. Kivinjari hupita mlango 443, uleule wa benki na barua pepe, ambao uko wazi karibu kila mtandao utakaoutumia. Ila kwenye kompyuta ya kukodi, ukimaliza ondoka kwenye akaunti na ufute ulichopakua.

Kwa msomaji wetu wa Kigoma, nina mawili ya kufanya. Fungua dirisha la maagizo la Windows, andika ping, nafasi, kisha anwani ya ukurasa wa chuo. Ikijibu, namba inayofuata neno time ndiyo nenda-rudi yako kwa milisekunde; izidishe kwa 1,200 uone VPN ilikuwa ikikudai nini. La pili ni muhimu zaidi kwa tasnifu yako. Ukifungua faili kwa kivinjari, mara nyingi unachopata ni nakala, inayokaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Utakachoandika humo hakirudi chuoni mpaka ukipakie mwenyewe. Kama msimamizi wako naye ameigusa faili ileile mchana huo, ukurasa mzuri utakuonya kabla ya kufuta kazi yake, kwa kulinganisha alama ya toleo ulilochukua na ya lililopo sasa. Ukurasa usio mzuri hautasema kitu. Waulize mafundi wako ni upi mlio nao, na mpaka wakujibu, ongeza tarehe kwenye jina la kila faili unayopakia.